Tuta la maua liko wazi na msimu unaisha: tafuta chanzo kwanza, jaza baadaye

Tuta la maua la kando ya ukuta, uzio au njia likiwa bado na mapengo wakati msimu unaelekea ukingoni, wengi hukimbilia kununua miche na kuijaza kwa siku moja. Wiki chache baadaye mapengo yamerudi palepale na fedha imekwenda. Pengo kwenye tuta huwa na sababu yake, na sababu hiyo haiondoki kwa kufunikwa na mche mpya. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unayoiona kwa macho, unaifuata hadi kwenye chanzo, kisha unataja tiba nafuu inayofaa.

Tunaposema mwisho wa msimu tunamaanisha wiki 6 hadi 8 kabla hali ya hewa haijageuka: mvua kukatika kwenye maeneo ya kiangazi, au jalidi kuanza kwenye maeneo ya baridi. Mmea wa kudumu unahitaji takribani wiki 6 ili mizizi yake itoke kwenye bonge la udongo uliokuja nalo na kushika udongo wa tuta. Ukichelewa kupita hapo, mmea unaingia kwenye jua kali au baridi ukiwa bado unategemea bonge dogo la kiriba. Kwa hiyo kinachopungua zaidi wakati huu ni muda wa mizizi, kuliko hata miche yenyewe. Fedha kidogo iliyopo iende kwanza kwenye kinachoharakisha mizizi na kufunika udongo. Maua yafuate.

Pima kabla ya kununua chochote

Tuta la mita 4 kwa mita 1 lina mita za mraba 4. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, kila mita ya mraba inachukua miche 11, yaani 44 kwa tuta zima. Ukipanua nafasi hadi sentimita 45, inatosha mitano kwa mita ya mraba, yaani 20. Uamuzi huo mmoja unapunguza gharama kwa zaidi ya nusu, na mimea mingi ya kudumu huitaka nafasi hiyo pana ifikapo mwaka wa pili.

Pima pia maji. Miche iliyopandwa karibuni inahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, sawa na lita 25 kwa kila mita ya mraba. Tuta letu la mfano linakunywa lita 100 kwa wiki, ndoo tano za lita 20. Kama huna uhakika wa kuzipata ndoo hizo kwa wiki 6 mfululizo, panda nusu ya tuta na nusu nyingine uifunike kwa matandazo hadi msimu ujao. Nusu iliyoshika vizuri ni bora kuliko tuta zima lililokauka. Matandazo ya unene wa sentimita 5 ni lita 50 kwa mita ya mraba, yaani ndoo kumi kwa tuta hilo.

Dalili: kila kinachopandwa sehemu hiyohiyo hufa au kudumaa

Hapa tatizo ni mahali, na kubadilisha aina ya maua pekee hakutasaidia. Angalia pengo liko wapi.

*Liko kando ya ukuta.* Paa na ukuta huzuia mvua, na ule ukanda wa sentimita 30 hadi 45 ulio karibu kabisa na msingi unaweza kuwa mkavu hata baada ya mvua nzuri. Chimba kwa kidole sentimita 10: kama ni vumbi wakati sehemu nyingine ya tuta ina unyevu, umepata jibu. Sogeza mimea mpaka angalau sentimita 45 kutoka ukutani, na mmea unaotambaa uuinamishe uelekee ukuta huku mizizi ukiielekeza nje. Kuna kasoro ya pili ambayo hujificha hapa: mabaki ya ujenzi. Vipande vya saruji na chokaa hupandisha ualkali wa udongo na mmea hushindwa kuchukua madini ya chuma. Utaona majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Toa mabaki yote unayoweza, changanya mboji ndoo moja kwa mita ya mraba, na epuka hapo mimea inayopenda udongo wenye asidi.

*Liko chini ya mti au ua uliopandwa kama uzio.* Ukichimbua utakutana na mtandao wa mizizi myembamba inayonyonya maji yote ya juu. Usilime eneo zima, kwani utaumiza mti na mizizi itarudi upesi. Tafuta mifuko ya udongo katikati ya mizizi minene, chimba mashimo madogo ya upana wa sentimita 15, weka mboji kidogo, na panda miche midogo kabisa. Mche wa kiriba kidogo unaingia bila kukata mizizi ya mti, tena ni wa bei ndogo. Usimwage udongo mpya wa zaidi ya sentimita 5 juu ya mizizi ya mti, wala usiurundike kwenye shina.

*Liko mahali watu walipokuwa wakikatiza au fundi alipomwaga kokoto.* Udongo umeshindiliwa. Jaribu siku ambayo ardhi ina unyevu: sukuma bisibisi ndefu au kipande cha nondo nyembamba kwa mkono. Ikigoma kabla ya sentimita 15, mizizi nayo itagoma. Choma uma wa bustani kwa kina cha sentimita 20 hadi 25, utikise mbele na nyuma bila kugeuza udongo, rudi nyuma sentimita 15, rudia. Usiifanye kazi hii udongo ukiwa tope. Finyanga tonge mkononi ulibonyeze kwa kidole gumba: likipukutika endelea, likibaki limeshikana subiri siku mbili tatu.

*Maji hutuama hapo.* Chimba shimo la sentimita 30 kwa kina na upana, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na upime. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, mizizi mingi ya maua itakosa hewa. Tiba nafuu ni kunyanyua tuta sentimita 15 hadi 20 kwa udongo uliochimbwa kwenye njia na mboji. Mambo mawili usiyafanye hata ukishauriwa: kuchanganya mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi, kwani hukauka mgumu kama tofali, na kuweka kokoto chini ya shimo la kupandia. Kokoto haziondoi maji. Zinayafanya yasimame juu yake, karibu zaidi na mizizi.

*Hakuna kati ya hayo, lakini hata magugu hayaoti.* Udongo usiootesha gugu ni wa kushukiwa sana. Huenda palimwagwa dawa ya kuua magugu, mafuta ya mashine au maji ya sabuni na chumvi kwa muda mrefu. Fanya jaribio la maharage: makopo mawili, moja lenye udongo wa tuta na jingine lenye udongo wa mahali ambapo mimea inastawi, mbegu nne kila moja, maji sawa, jua sawa, kwa wiki 3. Maharage ya tutani yakitoa majani yaliyojikunja kama kikombe na shina lililopinda, kuna masalia ya dawa ya magugu. Yanaweza hata kuja na samadi, kama wanyama walilishwa majani yaliyopuliziwa. Ikiwa hivyo usinunue mche wowote msimu huu. Ondoa samadi hiyo, au weka vyungu juu ya tuta huku viumbe wa udongo wakiendelea kuivunja sumu, na urudie jaribio msimu ujao.

Dalili: miche mipya inanyauka

Saa ya kunyauka ndiyo inayosema tatizo. Mche unaolala saa za mchana na kusimama wenyewe jioni hauna ugonjwa: majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi michache inavyoweza kuvuta. Usiongeze maji. Upe kivuli cha matawi au kipande cha gunia upande wa jua kwa siku 3 hadi 5. Kupanda jioni au siku ya mawingu huzuia sehemu kubwa ya shida hii.

Mche unaokutwa umelala asubuhi na mapema una shida ya kweli, na haitambuliki mpaka uutoe ardhini. Chomoa mmoja bila huruma. Mara nyingi utakuta hivi: udongo wa nje umelowa hadi unanata vidoleni, lakini ukilivunja bonge katikati unakuta mchanganyiko wa kahawia usio na uzito, unaopukutika kama vumbi la kumbi. Angusha tone la maji juu yake. Linajiviringa na kuteleza pembeni bila kuingia. Mchanganyiko wa kwenye viriba ukikauka kabisa hukataa maji. Ndiyo maana mtu humwagilia kila siku na mche unakufa kwa kiu katikati ya tope.

Tiba: tumbukiza bonge lote kwenye ndoo ya maji. Mwanzoni litaelea. Lishikilie chini mpaka viputo vikome, dakika 10 hadi 30. Kama mizizi imejizungusha kama kamba ndani ya kopo, chana mistari mitatu au minne ya wima kwa kisu, kina cha sentimita 1, na ukate mkeka wa mizizi wa chini. Inaonekana ni ukatili, lakini mizizi iliyozunguka huendelea kuzunguka hata baada ya kupandwa, wakati iliyokatwa hutoa machipukizi yanayotoka nje. Panda tena, zungushia kingo ya udongo ya sentimita 3 au 4 ili maji yasikimbie, na umwage lita 2 polepole juu ya bonge lenyewe. Kwa wiki mbili za kwanza lenga bonge. Baada ya hapo panua duara ili mizizi ifuate maji nje.

Ukikuta bonge limelowa na lina harufu ya kuoza, tatizo ni kinyume. Mizizi hai ni myeupe au ya kahawia hafifu na ina ukakamavu. Mzizi uliooza ukiuvuta kati ya vidole viwili, ganda lake la nje linachomoka kama soksi na unabaki na uzi mwembamba mkononi. Kata vilivyooza, punguza majani kwa theluthi, panda mahali palipoinuka, na usimwagilie tena mpaka udongo uwe mkavu kwa kina cha sentimita 5. Kama mizizi yote imeoza hivyo, tupa mche huo, na usiuweke kwenye mboji.

Sababu ya tatu huwa rahisi kuliko zote: mche umezikwa. Alama ya udongo iliyo kwenye shina tangu kitaluni ndiyo iwe usawa wa ardhi. Sentimita 3 za ziada zinatosha kuozesha shina la mimea mingi.

Dalili: mbegu hazioti, au zinaota kisha zinapotea

Mbegu ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, ila mwisho wa msimu zinadai hesabu. Alisamu na potulaka hutoa maua kwa takribani wiki 6 hadi 8, marigodi fupi kwa wiki 8 hivi, zinia na kosmosi kwa wiki 8 hadi 10. Kama siku zinafupika na hewa inapoa, ongeza wiki 2. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ambayo jalidi au ukame huanza kwenu. Zikibaki wiki 5, achana na mbegu za maua kwa msimu huu na uhamie kwenye vipandikizi na kugawa mashina.

Pakiti za zamani zijaribiwe kwanza. Weka mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pa joto, siku 7 hadi 10. Zikiota 8, panda kawaida. Zikiota 4, panda mara mbili ya kiwango. Zikiota 1 au 2, usipoteze maji.

Kina ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Alizeti huenda sentimita 2, zinia na marigodi zaidi kidogo ya nusu sentimita. Petunia, alisamu na potulaka zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zibonyeze tu juu ya udongo bila kuzifukia. Kwenye udongo wa mfinyanzi, matone mazito ya maji hutengeneza gamba gumu na chipukizi hushindwa kulipasua. Funika mbegu kwa mchanga au mboji iliyochekechwa badala ya udongo wenyewe. Tandaza gunia bichi juu, na uliondoe siku ileile unapoona chipukizi la kwanza. Kuchelewa siku mbili tu kunazaa miche mirefu, myeupe na dhaifu.

Mbegu ndogo zikitoweka bila hata moja kuchipua, tazama kama kuna msururu wa sisimizi. Hubeba mbegu hadi kwenye vichuguu vyao. Sia kwenye trei iliyonyanyuliwa juu ya matofali, uhamishe miche ikifikisha majani manne.

Miche ikiota vizuri kisha ikaanguka, angalia shina linapokutana na udongo. Likiwa limesinyaa, limelegea na kuwa jembamba kama uzi, hicho ni kinyaushi, ugonjwa wa vimelea vya udongo unaoshamiri kwenye unyevu na msongamano. Mche ulioanguka haurudi. Okoa iliyobaki: punguza hadi sentimita 3 kati ya mche na mche, mwagilia asubuhi tu, nyunyiza mchanga mkavu juu ya udongo, na uache hewa ipite. Samadi mbichi kwenye trei ya mbegu inaleta balaa hili, usiitumie.

Lakini shina likiwa limekatwa safi kama kwa mkasi na kichwa cha mche kimelala pembeni, huyo ni sota, kiwavi anayekata mashina. Hula usiku na mchana hujificha palepale. Fukua asubuhi kwa kidole, kina cha sentimita 3 hadi 5, duara la kiganja kuzunguka mche uliokatwa; utamkuta amejikunja kama herufi C, wa kijivu, mnene. Muue, kisha uvishe kila mche uliobaki kola ya boksi gumu yenye urefu wa sentimita 7, sentimita 2 au 3 zikiwa zimezama ardhini. Kola za karatasi hazigharimu kitu na zinafanya kazi kuliko majivu, ambayo mvua moja tu inayamaliza. Matundu yasiyo na mpangilio na ute unaong'aa kwenye majani ni ya konokono: zunguka na tochi usiku siku tatu mfululizo na uwaokote.

Dalili: vipandikizi vinaoza au havitoi mizizi

Kwa tuta la bajeti ndogo, hapa ndipo pa kuweka nguvu. Mmea mmoja mkubwa wa koleasi hutoa vipandikizi kumi bila kuumia. Koleasi, impatiensi na tradeskantia hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji kwa siku 7 hadi 14. Jerania, rozimari na haibiskasi hutaka mchanga.

Kata asubuhi, tawi lisilo na ua, urefu wa sentimita 8 hadi 12, chini kidogo ya kifundo. Kifundo ndipo jani linapoungana na shina, na ndipo mizizi hupenda kutokea. Ondoa majani ya nusu ya chini. Majani makubwa yaliyobaki yakate katikati. Choma shimo kwa kijiti kwenye mchanganyiko wa nusu mchanga na nusu mboji iliyoiva, ingiza vifundo viwili, kandamiza, mwagilia mara moja. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na uweke kivulini.

Yanayoharibika ni haya. Kitako kikigeuka cheusi na laini ndani ya wiki moja, maji ni mengi au kisu kilikuwa kichafu. Kwa jerania na mimea yenye mashina ya maji sababu huwa nyingine: vipandikizi vilipandwa vikiwa na jeraha bichi na kufunikwa kwa chupa. Jerania iache ikauke saa chache kabla ya kupanda na usiifunike kabisa. Mshubiri na jamii yake uache siku 3 hadi 7 mpaka jeraha lifunge. Majani yakinyauka siku ya kwanza, hakuna unyevu hewani: rudisha chupa. Kipandikizi kikikaa kijani wiki 4 bila mzizi, huenda tawi lilikuwa changa sana au gumu sana, au hewa ni ya baridi. Chagua tawi linalopinda lakini linavunjika kwa mlio ukilikunja zaidi. Likianza kutoa ua, ling'oe ua hilo, kwani linakula akiba ambayo ingetengeneza mizizi.

Usivute kipandikizi kila siku kuangalia. Kivute kidogo baada ya wiki 3: kikikataa kutoka, kimeshika. Kihamishe tutani kwa hatua, saa mbili nje ya kivuli siku ya kwanza, ukiongeza kwa wiki moja.

Dalili: mashina yaliyogawanywa yamelala

Agapanthasi, kana, mchaichai na mimea mingine inayokua kwa mafungu hugawanywa, na fungu moja la zamani linaweza kujaza mita nzima. Kosa kubwa ni tamaa ya vipande vidogo. Mwisho wa msimu acha machipukizi 3 hadi 5 kwa kila kipande. Kata majani hadi nusu ya urefu, maana mizizi iliyobaki haiwezi kuyalisha yote. Pandikiza siku hiyohiyo. Mizizi ikikaa juani hata robo saa hukauka, kwa hiyo ifunike kwa gunia bichi. Ukikuta katikati ya fungu pamekufa, tupa katikati na utumie vipande vya pembeni.

Dalili: mche ulikuwa na maua tele dukani, tutani umeacha

Miche ya bei iliyopunguzwa mwisho wa msimu ni fursa nzuri, mradi uitazame chini kabla ya juu. Ua lililofunguka linaonyesha wiki hii tu. Toa bonge kwenye kopo: mizizi mingi iliyozunguka si tatizo, kwani tumeona jinsi ya kuichana. Harufu ya kuoza, shina linalocheza kwenye udongo, au pamba nyeupe ya vidung'ata (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) kwenye makwapa ya majani, kataa hata ukipewa bure. Vidung'ata vikiingia tutani vinaenda kwa jirani zake wote. Kopo kubwa la mmea wa kudumu wenye machipukizi mengi huweza kugawanywa mara tatu au nne, na mara nyingi ni nafuu kuliko makopo madogo manne.

Baada ya kupanda, kata maua yote na theluthi ya majani. Inauma, lakini mmea unaolazimishwa kuacha kuchanua huelekeza nguvu chini, na maua hurudi. Usiweke mbolea yenye naitrojeni nyingi katika wiki hizi; huchochea majani laini ambayo jalidi au jua kali huyapiga kwanza. Mboji nusu ndoo kwa mita ya mraba inatosha.

Dalili: mimea ipo na mizima, lakini tuta bado linaonekana tupu

Tatizo hili hutatuliwa kwa mpangilio zaidi kuliko kwa fedha. Mimea 15 ya aina 15, kila mmoja peke yake, huonekana kama madoa. Ing'oe ukiwa bado mapema na uipange kwa mafungu ya mitatu au mitano ya aina moja, kisha rudia fungu hilohilo mahali pengine mbali kidogo. Panda kwa pembetatu na si kwa mstari mnyoofu, ili jicho lisipenye moja kwa moja hadi kwenye udongo. Mimea mirefu nyuma, na mmoja wa urefu wa kati uusogeze mbele mahali fulani ili tuta lisionekane kama ngazi.

Kisha kata ukingo. Nyoosha kamba, chimba mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 8 hadi 10 kati ya tuta na nyasi kwa sepeto lenye makali, upande wa nyasi ukiwa wima. Ni kazi ya saa moja, na hakuna mche unaobadilisha sura ya tuta kwa kiasi hicho. Tandaza matandazo ya rangi moja kwenye nafasi zote. Fimbo tatu za mita 2 zilizofungwa juu, zikipandiwa mmea wa kutambaa, hujaza pengo la nyuma kwa eneo la sahani moja. Chungu kimoja kikubwa chenye mmea uliokwisha kukomaa unaweza kukichimbia hadi nusu mahali palipobaki wazi kabisa.

Dalili: majani yamegeuka njano baada ya kuweka matandazo

Majani ya chini yakianza kwanza, na njano ikaenea sawasawa, naitrojeni imepungua. Vumbi la mbao au maranda mabichi yaliyochanganywa ndani ya udongo huwapa bakteria kazi kubwa, nao huchukua naitrojeni iliyokuwa ya mimea. Yakikaa juu bila kuchanganywa, madhara ni madogo sana. Yakwangue, weka mboji chini yake, uyarudishe juu. Yaweke mbali na kila shina kwa sentimita 5, vinginevyo shina litaoza na konokono watapata makazi. Majani makavu yanafaa na ni ya bure, ila yapondwe kwanza. Makubwa yakilala mazima hugandamana na kuzuia maji.

Dalili: kimoja kimekula tuta zima

Mnanaa na tradeskantia hujaza haraka, na hazijui kuacha. Mnanaa upande ndani ya ndoo iliyotobolewa kitako, mdomo wake ukiwa sentimita 3 juu ya ardhi. Tradeskantia huota kutoka kila kipande chenye kifundo, kwa hiyo usilime juu yake. Ing'oe kwa mkono na uiache ikauke kabisa juani kabla ya kuitupa. Kabla ya kupanda mmea wowote unaosifiwa kwa kasi, uliza kama unahesabika kuwa mvamizi eneo lenu.

Dalili: wiki zimebaki 3 au chini, na tuta bado wazi

Usipande cha kudumu sasa. Ng'oa magugu yenye mbegu, tandika maboksi ya karatasi yasiyo na plastiki wala utepe yakipishana kwa sentimita 15, yaloweshe mpaka yalale, kisha mwaga matandazo ya sentimita 8 juu yake. Vipandikizi vyako viendelee kukua kwenye makopo kivulini, mahali unapoweza kuvimwagilia kwa kikombe. Msimu ukifunguka, pasua boksi kwa kisu kwa umbo la msalaba pale unapotaka mche, na upande moja kwa moja kwenye udongo uliolainika chini yake.